Mgonjwa haangukii kwenye fomu, anaangukia njia ya chooni

Fungua faili la mgonjwa aliyeanguka wodini, soma maelezo ya zamu ya usiku, na mara nyingi utakuta maneno ya namna hii: "Mgonjwa ameanguka akielekea chooni. Hali yake inaendelea vizuri." Sentensi ya kwanza imebeba karibu kila tunachohitaji kujua ili mwingine asianguke kesho. Ya pili ndiyo inayofunga mjadala.

Hospitali za kanda ya kati ya Tanzania, kuanzia za rufaa Dodoma mjini hadi za wilaya kule Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, zinalaza wagonjwa wengi wa presha, kisukari na kiharusi, na wengi wao ni wazee. Hawa ndio wanaoanguka. Lakini tukikaa kujadili usalama wa mgonjwa tunazungumzia fomu ya kupima hatari, stika ya rangi kwenye faili na vizuizi vya kitanda. Ninachodai hapa ni jambo moja: kuanguka wodini kuna saa yake na kuna njia yake, na njia hiyo inatoka kitandani kwenda chooni. Anayetaka kupunguza majeraha ashughulikie njia hiyo kwanza, karatasi zifuate baadaye.

Kabla ya njia, hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hizo ni ajali za kuanguka popote pale, nyumbani, shambani, kazini. Kwa walio hospitalini, takwimu zinazotajwa sana za Marekani ni wagonjwa 3 hadi 5 kwa kila siku-kitanda 1,000, na kati ya robo na theluthi ya wanaoanguka hupata jeraha. Majeraha mengi ni michubuko na michaniko. Wachache huvunjika nyonga, kiwiko cha mkono au mbavu, au hupata damu kuvujia ndani ya fuvu, na hao wachache ndio wanaobadilisha maisha ya familia nzima.

Siku-kitanda ni kitanda kimoja kilicholaliwa siku moja. Chukua wodi ya vitanda 30 ambayo imejaa mwaka mzima: inazalisha siku-kitanda 10,950. Kwa kiwango cha 3 kwa 1,000, wodi hiyo ingetarajiwa kuwa na watu kama 33 walioanguka kwa mwaka. Utasema wagonjwa wetu ni vijana kuliko wa Marekani, na ni kweli. Shusha kiwango hadi 1, bado unapata 11. Sasa uliza wodi yoyote ya watu wazima imeandika wangapi mwaka jana. Jibu likiwa sifuri au mmoja, wodi hiyo haina usalama wa ajabu. Ina watu wanaoogopa kuandika.

Na wana sababu. Muuguzi akiandika kwamba mgonjwa ameanguka, kitu cha kwanza kumfikia ni agizo la kuandika barua ya kujieleza. Alikuwa peke yake, au wawili, na wagonjwa thelathini, mmoja anatapika, mwingine dripu imetoka, na huyu mzee akashuka kitandani kimya kimya. Barua ya kujieleza haitaongeza taa wala haitakausha sakafu. Itamfundisha tu kwamba mara nyingine aandike "amekutwa amekaa chini". Hospitali inayotaka takwimu za kweli itenganishe taarifa ya tukio na nidhamu ya mtumishi. Nusu ukurasa unatosha: saa ngapi, mahali gani hasa, alikuwa anakwenda wapi, miguuni alivaa nini, taa ilikuwa inawaka au la, sakafu ilikuwa kavu au mbichi, dawa zote alizopewa ndani ya saa 24 zilizopita, nani alikuwa karibu. Jina la muuguzi halihitajiki hapo. Baada ya miezi mitatu wodi itakuwa na ramani yake yenyewe, na mkuu wa wodi ataona kuwa matukio yamejipanga kwenye saa fulani na kona fulani, wala hayakutawanyika kama mtama uliomwagika.

Nilisema fomu zifuate baadaye. Maarufu kuliko zote ni ya Janice Morse, mtafiti wa uuguzi. Ina vipengele sita, kila kimoja na alama zake kwenye mabano: kama mgonjwa amewahi kuanguka hivi karibuni (25), kama ana ugonjwa zaidi ya mmoja (15), anatembea kwa kushikilia nini (fimbo au magongo 15, samani 30), kama ana dripu au kanula, yaani kimrija cha mshipani (20), mwendo wake ukoje (dhaifu 10, mbovu 20), na kama anasahau mipaka ya nguvu zake (15). Hospitali nyingi huhesabu alama 45 kuwa hatari kubwa. Sasa ipeleke wodi ya magonjwa ya ndani ya watu wazima. Kanula, 20. Presha pamoja na kisukari, 15. Mwendo dhaifu, 10. Jumla 45. Mgonjwa wa kawaida kabisa wa wodi hiyo ameshafika kwenye nyekundu kabla hujamuuliza kama amewahi kuanguka. Kipimo kinachowapa nusu au zaidi ya wodi alama nyekundu hakimwambii muuguzi wa usiku aanze na nani. Morse mwenyewe alielekeza kwamba kila mahali papange mpaka wake kulingana na wagonjwa wake, lakini sehemu hiyo ya maelekezo huwa haisafiri pamoja na fomu.

Uingereza, mwongozo wa taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, wa mwaka 2013 uliziambia hospitali ziache kabisa zana za kutabiri nani ataanguka. Badala yake, kila mgonjwa wa miaka 65 na kuendelea ahesabiwe kuwa yumo hatarini, pamoja na wale wa miaka 50 hadi 64 ambao daktari ameona wana sababu, kisha sababu za kila mmoja zitafutwe na zishughulikiwe. Kwa hapa kwetu, ambako sera inamtambua mzee kuanzia miaka 60, ningeanzia hapo. Ongeza mwenye kiharusi, aliyepewa ganzi ya mgongoni, aliyechanganyikiwa, na aliyeanguka ndani ya miezi mitatu. Muda wa kujaza alama utumike kupima presha akiwa amelala na akiwa amesimama.

Kipimo hicho cha presha ni rahisi na hakifanywi. Mgonjwa alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huyu presha yake inashuka akisimama, na safari yake ya chooni saa 9 usiku ni hatari hata kama mchana unamwona anapiga soga vizuri. Sababu huwa ni upungufu wa maji, damu iliyopotea, dawa za presha zilizopandishwa dozi kwa pamoja, au kulala kitandani siku nyingi. Kila moja ina dawa yake. Huku ikitafutwa, afundishwe kushuka kwa hatua: akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, apandishe na kushusha nyayo mara kumi, ndipo asimame huku ameshika kitu kisichotembea.

Tena kitu kisichotembea ni nini? Vitanda vingi vina magurudumu, na breki za mengi hazishiki. Mgonjwa anasukuma godoro ainuke, kitanda kinarudi nyuma, anakaa hewani. Kagua breki kila Jumatatu: zifunge zote, sukuma kitanda kwa nyonga. Kikisogea, fundi wa hospitali aitwe siku hiyo. Akichelewa, kitanda kisogezwe kiegemee ukuta na magurudumu yawekewe vibao vya kuzuia. Urefu wa kitanda nao una kipimo chake kisichohitaji futi. Mgonjwa akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zilale sakafuni na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Vidole vikiwa vinaning'inia, kitanda ni kirefu kwake. Kama hakishuki, mpe kitanda kingine, au weka kibao kipana cha kukanyagia chenye mpira chini na kisichoyumba. Vile vingazi vyembamba vya chuma ambavyo husogezwasogezwa na kila mtu vinaweza kumwangusha mgonjwa badala ya kumsaidia. Ukivitumia, viondoke pale mgonjwa akishapanda.

Kisha sakafu. Majengo mapya yana marumaru zinazong'aa, ya zamani yana saruji iliyochakaa yenye vishimo. Marumaru yenye maji ya sabuni ni barafu. Na sisi tunapiga deki saa ngapi? Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, ili daktari akija kwenye raundi akute wodi inanukia. Ndiyo saa ambayo kila mgonjwa anaamka na kibofu kimejaa, dawa ya usingizi bado imo mwilini, na muuguzi wa usiku anaandika ripoti ya makabidhiano. Huwezi kupanga vibaya zaidi ya hapo. Suluhisho halina gharama: korido ioshwe nusu kwa nusu, upande mmoja ukiwa mkavu wa kupita, dekio likamuliwe sawasawa, sabuni isuuzwe, maana utelezi mwingi unatokana na sabuni iliyobaki, na deki kubwa ihamie baada ya raundi. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, vijia vya kuunganisha wodi navyo viongezwe kwenye orodha, kwa sababu upepo wa Dodoma hauheshimu paa lisilo na kuta.

Miguuni, kandambili ndiyo vazi la hospitali nzima. Kisigino kinaelea, kidole gumba ndicho kinachoshikilia kila kitu, na ikilowa inazunguka ndani kwa ndani. Mwenye kiharusi ambaye hainui unyayo vizuri haimfai kabisa. Ndugu waambiwe siku ya kwanza walete viatu vyenye mkanda wa nyuma. Yeboyebo zenye mkanda zinatosha, mradi soli isiwe imeisha. Soksi peke yake kwenye marumaru ni hapana. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Dodoma ukiwa wa baridi, wagonjwa hutembea wamejifunika shuka au blanketi linaloburuta. Kanga au shuka lifungwe juu ya kifundo cha mguu. Na ile mizigo pembeni ya kitanda, chupa ya chai, ndoo, begi, hotipoti, iondoke kwenye upande anaoshukia. Hospitali nyingi nchini zimefundishwa 5S, ule utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi. Hapa ndipo ingefaa kuonekana, kuliko kwenye kabati la mafaili pekee.

Choo chenyewe kinastahili aya yake. Katika majengo ya zamani kiko mwisho wa wodi au nje kabisa. Ni cha kuchuchumaa, na kuinuka kutoka kuchuchumaa ni jaribio la presha gumu kuliko lile la kusimama kutoka kitandani. Mahali maji yanapokuja kwa mgao kuna madumu na ndoo, na sakafu haikauki. Balbu imeungua. Na mlango unafunguka kwa ndani. Hili la mlango watu hulidharau mpaka siku mgonjwa anapoangukia nyuma ya mlango, mwili wake ukauziba, na watu wakabaki kusukuma huku wanamkandamiza. Milango ya vyoo vya wagonjwa igeuzwe ifunguke kwa nje, na komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa na mtu wa nje kwa kutumia sarafu. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache.

Mshikio wa ukutani nao hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Bomba la chuma la inchi 1, ambalo kwa nje ni kama milimita 33, linakaa vizuri kwenye kiganja. Liachwe sentimita 4 hadi 5 kutoka ukutani ili vidole vipite lakini mkono mzima usidumbukie. Liwe kwenye urefu wa sentimita 70 hadi 90 kwa choo cha kukaa; kwa cha kuchuchumaa ongeza jingine la kusimama wima upande wa mbele, ambalo mtu atalishika akiwa chini na kupanda nalo. Tatizo ni ufungaji. Skrubu na plagi za plastiki kwenye tofali lenye uwazi zitashika taulo, hazitamshika mtu wa kilo 80. Bomba lichimbiwe na kumwagiwa zege, au lifungwe kwa boliti ndefu zinazopita ukuta hadi bamba la chuma upande wa pili. Kabla halijapakwa rangi, mtu mzima mmoja alining'inie. Likilegea leo, bora limwangushe fundi.

Wapo ambao hawapaswi kufika chooni kabisa usiku. Kwa hao kuna chupa ya mkojo, bedipani, au kiti chenye tundu na ndoo chini yake, ambacho seremala yeyote anaweza kukitengeneza: miguu minne mipana, mikono ya kushikilia, kiti cha urefu wa kama sentimita 45, kisiwe na magurudumu. Usimwekee mpira wa mkojo kwa ajili ya kumzuia asiamke. Mpira unaleta maambukizi, na mzee aliyechanganyikiwa ataamka hivyo hivyo, akaburuta mfuko, akajikwaa kwenye mrija.

Dawa na saa zake

Mtu akianguka tunaangalia miguu yake. Chati ya dawa inastahili kuangaliwa kwanza. Furosemide, dawa ya kukojoza, ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kama saa sita. Dozi ya pili ikitolewa saa 4 usiku, umemwandikia mgonjwa wa moyo safari tatu za chooni gizani. Itolewe saa 8 mchana, na usiku atalala. Dripu nayo ni maji: lita moja iliyowekwa saa 2 usiku kwa mtu ambaye tayari anakunywa vizuri itatoka saa 7. Tena ikiwa haina stendi yenye magurudumu, mgonjwa ataibeba chupa mkononi, mkono uliotakiwa kushika ukuta. Ifungwe na kanula izibwe kabla hajaondoka, au, swali zuri zaidi, bado anaihitaji?

Diazepam, dawa ya kutuliza na ya usingizi, hukaa mwilini siku na zaidi, na kwa mzee hukaa muda mrefu zaidi, hivyo kidonge cha jana bado kinafanya kazi leo asubuhi. Amitriptyline, phenobarbital, tramadol, promethazine: kila moja inaongeza usingizi au kizunguzungu, na zikikutana tatu kwa mtu mmoja hazijumlishiki kwa upole. Streptomycin, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuharibu sehemu ya sikio la ndani inayotunza usawa wa mwili, na madhara hayo huenda yasirudi nyuma. Chlorpromazine ya sindano, dawa ya magonjwa ya akili, hushusha presha. Aliyechomwa abaki amelala angalau nusu saa. Haloperidol, ya kundi hilohilo, humfanya mtu akokote miguu na kugeuka kama ubao. Watumishi wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, wanalijua hili kwa undani. Wanaoweza kujifunza kutoka kwao ni wodi za kawaida, ambako mgonjwa mwenye kuchanganyikiwa hupigwa sindano hiyo usiku na hakuna anayeandika kwamba asubuhi atahitaji mtu wa kumshika.

Insulini inaleta tatizo linalotuhusu sisi hasa, kwa sababu chakula kinaletwa na ndugu. Sindano imechomwa saa 12 asubuhi kwa ratiba. Uji unatoka Ipagala au Veyula, bodaboda imechelewa, mlinzi getini anasema muda wa kuona wagonjwa bado. Saa 2 sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L, mgonjwa anatetemeka, anaamka kutafuta maji, anaanguka. Faili litaandika kizunguzungu. Kanuni iwe moja: sahani ikiwa mbele yake ndipo sindano ichomwe, na wodi iwe na sukari au glukosi ya dharura kwenye kabati ambalo halijafungwa.

Macho pia yanasahaulika. Kongwa ni wilaya inayotajwa kwenye tafiti nyingi za trakoma, na wazee wengi wa ukanda huu wana makovu ya ugonjwa huo au mtoto wa jicho. Mtu aliyezoea nyumba yake gizani kwa miaka arobaini anawekwa kitanda namba 17, katikati ya wodi asiyoijua, mita ishirini kutoka chooni. Mpe kitanda cha karibu na mlango wa choo, mtembeze njia hiyo mara mbili mchana, mkono wake ukigusa ukuta.

Haya ya mzee na ulimi wa muuguzi

Kitu ambacho fomu hazikiulizi ni haya, yaani aibu ya kuomba msaada. Mzee wa miaka 75 hatamwita binti wa miaka 24 amletee chupa ya mkojo. Atasubiri ageuke. Muuguzi akipita na kuuliza, "Babu, unataka kwenda chooni?" jibu ni "Hapana mwanangu, nalala." Dakika kumi baadaye miguu iko chini. Swali lenyewe limempa njia ya kukataa kwa heshima.

Maneno yabadilike. "Shikamoo babu. Nazungusha wazee wote chooni kabla sijapunguza taa, sasa ni zamu yako, shika bega langu." Hapo hajaomba kitu; ameshiriki utaratibu wa wodi. Mzunguko kama huo ufanyike saa 3 usiku, saa 6, na saa 10 na nusu alfajiri, kabla vibofu havijamwamsha kila mtu kwa wakati mmoja. Anayemhudumia mzee wa kiume, ikiwezekana, awe mhudumu wa kiume. Na muuguzi asimwache mlangoni akaenda kushughulika na jambo lingine: akishamfikisha, abaki upande wa pili wa mlango mpaka atoke. Wengi huanguka wakati wa kujifunga nguo na kugeuka, wakati aliyewaleta ameshaitwa kwingine.

Wodi zetu nyingi hazina kengele kitandani. Kijiko na kikombe cha bati vinasikika usiku kuliko sauti ya mgonjwa dhaifu, na jirani wa kitanda mwenye nguvu anaweza kuombwa rasmi aite. Ndugu anayemuuguza ndiye nguvu kazi kubwa tuliyo nayo, ila tunamtumia vibaya: tunamfukuza saa za hatari na kumruhusu saa ambazo wodi imejaa watu. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa au aliyepooza, ndugu mmoja apewe kibali cha kulala, na apewe maelekezo ya dakika tano: mshike upande ulio dhaifu, usimvute mkono, mkanda wa kanga kiunoni ndio wa kushika, akianza kudondoka mteremshe taratibu kwenye paja lako mpaka sakafuni, usipambane kumzuia. Jaribio kubwa la Australia lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba kuwaelimisha wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, huku watumishi wakipewa mrejesho, kulipunguza kuanguka. Kwa upande mwingine, jaribio la Marekani la mwaka 2012 la kengele za kitanda zinazolia mgonjwa akiinuka halikupunguza. Mazungumzo yameshinda mashine, na kwa bahati nzuri mazungumzo ndiyo tunayoyamudu.

Vizuizi vya kitanda vinatuliza ndugu zaidi ya vinavyomlinda mgonjwa. Kwa asiye na fahamu, kwa mtoto, na kwa yeyote aliye juu ya machela, viinuliwe. Kwa mzee aliyechanganyikiwa lakini mwenye nguvu ya kupanda, kizuizi kinaongeza urefu wa kuangukia, na kinaweza kunasa shingo au mguu. Kumfunga mikono kwa kitenge ni kubaya zaidi: anahangaika, anachubuka, misuli inadhoofika, na siku akifunguliwa anaanguka kirahisi. Ikiwa ni lazima alale bila mwangalizi, godoro chini sakafuni ni salama kuliko kamba, hata kama halipendezi machoni mwa wageni.

Kina mama wa wodi ya wazazi nisiwasahau. Aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongoni asisimame mpaka aweze kuinua kila mguu ukiwa umenyooka na kuushikilia juu. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida safari yake ya kwanza ya bafuni awe na mtu, hasa kama alipoteza damu nusu lita au zaidi. Na mama anayenyonyesha saa 8 usiku huku anasinzia, mtoto arudishwe kwenye kitanda chake.

Ameshaanguka, sasa?

Kinachofuata mara nyingi ndicho kinachoongeza jeraha. Watu watatu wanakimbia, wanamshika makwapani, "pole, pole, simama." Aachwe alipo. Muuguzi apige magoti: anapumua, anajibu, shingo inauma, kichwa kimegonga? Macho, mboni ziko sawa? Kisha miguu: mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, hesabu kwamba nyonga imevunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Huyo abebwe kwa ubao au shuka imara, watu wanne hadi watano, mguu ukishikiliwa kama ulivyo. Sukari ipimwe, presha ipimwe, maana kuanguka kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya sukari kushuka, damu kuvuja ndani au moyo kwenda mrama. Kama hana jeraha, anaweza kujiinua kwa msaada wa viti viwili: ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti cha mbele, aweke mguu wenye nguvu mbele, akae kwenye kiti cha pili.

Aliyegonga kichwa, au aliyekutwa chini bila shahidi, afuatiliwe fahamu kwa kipimo cha Glasgow. Akiwa na alama zote 15: kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila saa 2. Anayetumia warfarin au heparin, dawa za kuzuia damu kuganda, daktari aitwe usiku huohuo, hata kama anacheka. Damu ya taratibu juu ya ubongo wa mzee inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, kwa kichwa kuuma na kusinzia ambako kila mtu atakuita uchovu. Hospitali ya wilaya isiyo na CT scan haina kisingizio cha kutofuatilia; inacho kisingizio cha kumpa rufaa mapema, hasa ukikumbuka kwamba Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160.

Nyonga iliyovunjika inahitaji upasuaji ndani ya siku moja au mbili. Hata katika nchi tajiri, kati ya wagonjwa 20 na 30 kwa kila 100 hufariki ndani ya mwaka mmoja. Anayelazwa wiki sita kwa kufungwa uzito mguuni anakabiliwa na vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda. Mzee aliyekuja kutibiwa malaria akatoka na hali hiyo, familia ina haki ya kuelezwa siku hiyohiyo, kwa maneno ya kawaida, nini kilitokea na nini kinafanyika. Ukimya ndio unaoleta kelele.

Siku ya kuruhusiwa, kwenye fomu ya kutoka paandikwe wazi "alianguka wodini", tarehe, saa na sababu iliyoonekana, pamoja na dawa zilizopunguzwa. Kuanguka mara moja ni mojawapo ya dalili kubwa za kuanguka tena, na mganga wa zahanati kule kijijini hana njia nyingine ya kujua kwamba ile diazepam iliachishwa kwa makusudi, asije akaiandika upya.